Mvua ya Ijumaa Nyumbani kwa Marcella

Mwaka alioolewa, Marcella Wanjira alimrudishia mama mkwe wake kiondo kitupu.

Hakukusudia dharau. Kiondo kilikuja na mihogo, mihogo ikaliwa, naye, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa bado anajifunza moshi wa jiko la watu huelekea wapi, akakikung'uta vumbi, akakipeleka. Mama mkwe alikipokea, akaingiza mkono hadi chini, akautoa, akautazama. Siku hiyo hakusema neno. Alisema miaka kumi na mmoja iliyofuata. Alisema harusini, alisema matangani, alisema hata kwa daktari wa macho kule Embu aliyemuuliza anaona nini ubaoni.

"Naona kiondo changu," alijibu, "kimerudi mdomo wazi."

Na alipokuwa kitandani anaiaga dunia, alimshika Marcella mkono, akamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe." Marcella akaanza kulia. "Kuhusu kile kiondo," bibi akaongeza, ili pasiwe na shaka, kisha akafumba macho.

Upande huu wa mlima, chombo cha mtu hurudi na kitu ndani, hata kama ni viazi viwili. Wengi huifuata desturi hiyo wakiikumbuka. Marcella aliishika kama wengine wanavyoshika dini. Sahani ya jirani ilirudi na kunde. Jagi la kanisa lilirudi na mayai. Toroli la Njoki, jirani yake wa ua kwa ua, lilirudi na maboga manne, na lilikuwa limeazimwa kubebea samadi. Mtu wa bodaboda aliyesahau helmeti yake hapo kwa siku mbili aliikuta imejaa ndengu hadi ukingoni, akalazimika kwenda nyumbani kichwa wazi, akiendesha kwa mkono mmoja.

Hayo yote aliyatoa katika ardhi isiyokuwa na haraka ya kutoa. Kijiji chao, Rwanjogu, kiko Mbeere, upande mkavu wa Embu, pale barabara inapoiacha Siakago na kuteremka kuelekea Kiambere, udongo ukibadilika kutoka mwekundu hadi kijivu, kisha ukawa mawe tu na mbuzi juu yake. Maji ni ya kisima kimoja cha pampu, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa sababu mtungi uliojaa una miguu mizito. Na ni maji ya chumvi. Chai ya Rwanjogu hata iwekwe sukari kiasi gani, huacha ulimini kitu kama machozi.

Hapo Marcella alikuwa ameishi miaka thelathini na saba na mumewe Gitari, mtu mpole wa kutafuna majani ya muguka, aliyesema kama mara tatu kwa siku. Binti yao wa pekee, Sheila, aliuza nguo Kinoru, mjini Meru. Marcella alikuwa na mbuzi tisa, shamba la ndengu na mawele, na ombi moja ambalo wanawake wote wa Rwanjogu walikuwa nalo: bwawa la mchanga. Ni ukuta tu wa mawe na saruji unaokatiza mto mkavu wa Karigi. Mvua ikija mara moja, mto hushuka na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake mwaka mzima, matamu, mbali na jua. Ukichimba kwa mkono unayapata. Marcella alikuwa ameliona moja, Ukambani, kwenye mazishi. Alisahau jina la marehemu lakini hakusahau ladha ya yale maji.

Kwa hiyo Daktari Ntinyari alipofika Rwanjogu na kutamka maneno "bwawa la mchanga", wanawake walipiga vigelegele kabla hajamaliza sentensi.

Daktari Ntinyari alikuwa mwanamke wa Kianjai, wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani na viatu vya kupandia milima. Aliongoza utafiti wa tabianchi uliounganisha wanasayansi wa nchi tisa za Afrika, kutoka Senegali hadi Botswana. Walitaka kujua mvua imehamia wapi, na watu waliobaki nyuma wafanyeje. Katika nyanda hizi kavu, alieleza, watapima mvua ya vijiji kumi na vinne kwa miaka miwili na nusu. Kijiji kitakachoonekana kikavu kuliko vyote kitajengewa bwawa kwanza.

"Basi bwawa limekuja!" Njoki alisema. "Kama ni ukavu, hapa tunashinda hata jangwa."

Walikuwa wameweka kwanza mashine ya kisasa shuleni, yenye kioo cha jua na kamera. Nyani waliibomoa kwa siku nne. Kamera ilituma Nairobi picha mia mbili za kaakaa la nyani, kisha ikanyamaza. Ndipo Daktari akaamua kutumia kipimamvua cha kawaida: kopo la chuma lenye mdomo wa faneli, na ndani yake mrija wa kioo wenye mistari ya milimita. Kilihitaji nyumba yenye ua mzuri na mtu mwaminifu. Kila mtu alimnyooshea kidole Marcella.

"Mama Sheila," Daktari alimwambia, kopo likiwa limeshasimikwa kwenye nguzo katikati ya uwanja, "hiki ni chombo chetu. Tunakuachia. Mwenda atakuwa akija kila Ijumaa kuangalia kilicho ndani."

Marcella alizisikia sentensi hizo kama alivyolelewa kuzisikia. Mgeni ameacha chombo. Mgeni atarudi. Mgeni ataangalia ndani.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba, wakati hata umande huwa umesafiri. Mwenda alifika kwa pikipiki, mwanamume wa miaka thelathini mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, mzaliwa wa Kinoru kwenye nyumba za kupanga, ambako majirani huazimana chaja za simu. Alifungua kopo, akatoa mrija, akauinua kwenye mwanga. Akautikisa. Akauma mdomo, akaandika kitu kwenye fomu.

"Umepata nini?" Marcella aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Kitupu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Marcella aliona mkono wa mama mkwe ukitoka kiondoni, na vidole vyake vimefunguka.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya kuchota maji ya chai, alichuja vijiko viwili vikubwa vya maji kwa kitambaa cheupe, akavimimina kwenye faneli, akafuta mdomo wa kopo kwa upindo wa leso.

"Eee!" Mwenda alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Mbili nukta nne! Mama, huku kwenu kumebarikiwa!"

"Karibu tena," Marcella alisema, na moyo wake ukakaa chini.

Hakudanganya. Hakuna aliyemuuliza. Mgeni akikuta maziwa kwenye chai haulizi yametoka kwa mbuzi gani. Na Mwenda hakuwa mtu wa maswali. Alikuwa na makopo kumi na matatu mengine ya kufikia, na klachi iliyokuwa inakufa.

Hivyo ndivyo mvua ilivyoanza kunyesha Rwanjogu kila Ijumaa asubuhi, juu ya uwanja wenye upana wa hatua thelathini, na si mahali pengine popote.

Marcella alikuwa na vipimo vyake. Ijumaa ya kawaida, vijiko viwili. Mwenda akija na mwenzake, vitatu. Mbuzi akizaa, vitano, ili mgeni naye aonje furaha. Krismasi alitia kikombe kidogo cha chai, na Pasaka kikombe na nusu, kwa sababu Bwana amefufuka. Msimu wa mvua za kweli, zilipokuja kwa siku sita na kuondoka kama mtu aliyekosea nyumba, hakutia chochote. Alitazama kopo likijazwa na mwingine, akaona vyema. Hata yeye alihitaji likizo.

Huko mbali, namba zake zilianza kukaa kwenye meza za watu.

Profesa Sarr, Msenegali mpole, mkubwa wa wanahesabu wa ule utafiti, alizichora kwenye karatasi, akakosa usingizi. Katikati ya ukanda mzima uliokauka kulikuwa na nukta moja ya buluu, kama kitovu. Aliona vilele viwili vikubwa, kimoja mwishoni mwa Desemba na kingine Machi au Aprili. Hicho cha pili kilihama kutoka mwaka hadi mwaka. Akafuatilia kinahama kwa kufuata nini, akagundua kinafuata mwezi mpevu. Akaandika makala ya kurasa arobaini juu ya mwezi na mvua za nyanda za chini za Afrika Mashariki. Hakujua kwamba Pasaka pia huufuata mwezi mpevu. Kwao aliswali msikitini.

Kisha maji yalipelekwa maabara, yakakutwa na chumvi. Hapo wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema kuna kosa. Kundi kubwa zaidi lilisema chumvi hiyo ni ya Bahari ya Hindi, inayosafirishwa juu sana na upepo mwembamba usiojulikana, ukapita Mombasa, ukapita Mutomo, ukapita Kitui bila kumwaga tone, hadi ukafika kwa Mama Sheila. Upepo huo ulipewa jina. Mkutano ukaitishwa Dakar kwa ajili yake.

Rwanjogu nako habari zilifika kwa umbo lao. Mhubiri mmoja wa Ishiara alikuja kuomba kando ya lile kopo. Njoki alipanda mistari mitatu ya mahindi akiibana kwenye ua wa Marcella, kwa matumaini kwamba mvua ya jirani ingekosea kidogo. Mahindi yalifika magotini, yakakunja majani kama mtu anayejikunyata kwa baridi, yakafa.

"Mvua hii ina ubaguzi," Njoki alisema, akiyang'oa.

Marcella alimpelekea kunde kwenye bakuli. Hakuunganisha mambo. Maji aliyotia yalikuwa ya kopo; mvua ilikuwa ya Mungu; mahindi yalikuwa ya Njoki.

Aliunganisha siku ya baraza.

Naibu wa chifu, Muchangi, aliyekuwa na sauti ya kufundishia gwaride, alisimama mbele ya zahanati na karatasi ya utafiti. Alisoma majina ya vijiji kumi na vinne. Rwanjogu kilikuwa cha mwisho kwa ukavu.

"Kwa hivyo bwawa linaenda kwingine," alisema. "Hapa wataalamu wanasema, nanukuu, hapahitaji, kwa kuwa pana mvua ya kipekee kila Ijumaa. Tupige makofi kwa hiyo baraka."

Hakuna aliyepiga. Wanawake walikaa na mitungi yao ya manjano mapajani, mitungi mitupu iliyokuwa ikingoja baraza liishe ili iende kisimani. Mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama Marcella. Hawakumtazama kwa hasira. Walimtazama kama mtu anayetazama nyumba yenye bati jipya.

Marcella alisimama. Mtungi ulianguka kutoka mapajani mwake.

"Yale maji niliyatia mimi."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele.

"Mama Sheila," Muchangi alisema akitabasamu, "sisi sote tunajua wewe ni mtu wa kusaidia. Lakini usitake kumsaidia Mungu kazi yake. Keti."

"Ni maji ya kisima, Muchangi! Onja! Ni ya chumvi!"

"Hiyo chumvi imeshaelezwa." Alifunua ukurasa wa pili. "Ni ya bahari."

"Nilitia kwa kijiko!"

"Unyenyekevu ni mzuri, mama. Lakini hii ni sayansi."

Marcella alimpigia Mwenda simu. Mwenda alisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Mama, aki usiseme hivyo. Namba zikishafika Dakar hazirudi. Kuna watu wana digrii kwa sababu ya hiyo mvua."

"Lakini haikunyesha, Mwenda."

"Iko kwenye grafu, mama."

Jirani pekee aliyemwamini alikuwa Njoki. Alikuja jioni hiyo, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimefikiri. Toroli langu la samadi lilirudi na maboga. Ni wewe. Ni wewe kabisa! Marcella, mwaka mzima mimi nalima nikibanana na ua wako kama mbuzi, kumbe nalimia kijiko!"

"Nisamehe, Njoki."

"Nitakusamehe tukipata bwawa. Ijumaa wanakuja wote, si umesikia? Daktari na yule mkubwa wa Senegali, kuiona mvua yako kwa macho kabla hawajatia sahihi ya kulipeleka bwawa kwingine. Basi ni rahisi. Acha kopo tupu."

Marcella alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni.

"Mtu ametoka Senegali, Njoki. Amepanda ndege. Akute kitupu?"

"Eh! Kwani ukimwaibisha mara moja utakufa?"

"Na hata nikiacha tupu," Marcella alisema polepole, "watasema leo haikunyesha. Ijumaa moja itafanya nini mbele ya zile zote za nyuma? Wataandika sifuri, watakunywa chai, watatia sahihi."

Gitari, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake na shavu limejaa muguka, alisema neno lake la tatu la siku hiyo.

"Maji yanafanana na mvua."

Njoki alingoja aendelee, lakini Gitari alikuwa amemaliza hadi kesho. Marcella aligeuka akatazama kibuyu kilichoning'inia juu ya jiko, kile anachochachushia unga wa mawele, na uso wake ukafunguka.

Ijumaa ilipofika, magari mawili yalipanda kilima yakivuta vumbi nyuma yao kama mapazia. La kwanza liliendeshwa na Younis, dereva wa utafiti, mtu wa Maua, mwenye pua iliyoheshimiwa kwa kutambua mafuta mabaya ya petroli kutoka mbali. Alishuka Daktari Ntinyari, akashuka Mwenda akiwa na tai, akashuka Profesa Sarr, mrefu, mwembamba, mwenye kanzu ya buluu na Kiswahili alichojifunza Dar es Salaam zamani, kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Mama, ninashukuru sana kwa makaribisho yako," alisema akiinamisha kichwa. "Nimeota uwanja huu mara nyingi."

"Karibu, Profesa. Chombo chenu kipo."

Muchangi alikuwepo. Njoki na wanawake walijipanga nje ya ua, shingo zimenyooshwa. Anga lilikuwa tupu, jeupe kwa joto.

"Hakuna wingu," Profesa alinong'ona kwa heshima. "Ajabu yenyewe."

Mwenda alifungua kopo. Younis, aliyesimama hatua kumi nyuma, aliinua pua.

"Hii mvua inanukia vizuri," alisema.

Mwenda alitoa mrija wa kioo, akauinua kwenye jua. Ulikuwa wa kahawia hadi juu.

"Daktari, kuna kama… matope."

"Soma tu."

"Ishirini na mbili. Nukta… ngoja. Bado inashuka."

"Inashuka vipi?"

"Polepole, Daktari. Ina uzito."

Profesa Sarr alikaribia, akachovya kidole kwenye ncha ya mrija, akalamba. Akachovya tena.

"Mawele," alisema.

Kalamu ya Daktari Ntinyari ilikuwa bado juu ya karatasi. "Vumbi la mawele? Limebebwa na upepo kutoka mashambani?"

"Yamepikwa," Profesa alisema.

"Yamechachuka siku mbili," Marcella aliongeza, akijipangusa mikono kwenye leso. "Na nimeweka sukari, kwa sababu Profesa ametoka mbali. Maji ya kisima yana chumvi."

Daktari alivua miwani. "Mama Sheila. Umetia uji kwenye kipimamvua chetu?"

"Leo ni uji. Siku zingine ni maji. Nilisema barazani wakacheka, nikamwambia Mwenda akaniambia iko kwenye grafu. Nikaona nitie kitu ambacho hata Muchangi hawezi kusema kimetoka mbinguni."

Muchangi aligeuka kukagua mbuzi.

"Lakini kwa nini, mama? Kwa nini utie hata hayo maji?"

Marcella alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyesoma sana.

"Daktari, si mliniachia chombo?"

"Ndiyo."

"Si mlisema mtarudi?"

"Ndiyo."

"Si mlisema mtaangalia ndani?"

Daktari Ntinyari, miwani mkononi, akatoa simu akampigia mama yake kule Kianjai. Simu ile ilikuwa ya sauti kubwa, na mzee huyo naye alikuwa wa kizazi kinachopiga kelele ili sauti ifike. Alizungumza Kimeru, lakini kilikuwa karibu mno na Kimbeere kwa mtu yeyote uani kukosa kuelewa.

"Mama, ukiachiwa chombo na mgeni, na mgeni atarudi kukiangalia, utafanya nini?"

"Chombo gani?"

"Chochote. Kopo."

"Nitatia kitu."

"Na kama ni chombo cha kupima mvua?"

"Hata kama ni cha kupima homa! Ntinyari, usiniambie umeacha vyombo kwa watu ukategemea vikurudie vitupu. Hao watu watafikiri ulilelewa na nani?"

Njoki, nje ya ua, alicheka hadi akashika nguzo.

Daktari alikata simu, akakaa kwenye kigoda cha Gitari bila kuombwa. "Nina shahada tatu," alisema, si kwa mtu yeyote. Kisha akamgeukia Mwenda. "Hivyo vingine kumi na vitatu. Viko kwa nani?"

"Tisa viko kwa kina mama, Daktari." Mwenda alilegeza tai. "Kimoja… maji yake huwa ya uvuguvugu."

"Na ulidhani ni nini?"

"Jua."

Profesa Sarr alikuwa bado ameshika mrija. Alianza kutetemeka mabega, na kwa muda kidogo watu walidhani analia, kwa sababu kurasa arobaini si mchezo. Lakini alikuwa anacheka bila sauti. "Mwezi wangu," alisema, akijifuta macho. "Mwezi wangu mzuri." Kisha, kwa kuwa kwao pia mtu hakatai alichopewa, aliuinua mrija kwenye midomo akanywa milimita ishirini na mbili zote, taratibu, akimtazama mwenye nyumba hadi tone la mwisho.

"Kwetu Kaolack, mama yangu angefanya kama wewe," alisema. "Nami nisingemtafuta huko. Ningetafuta angani."

Marcella alichukua mrija akauosha. Aliukausha kwa kile kitambaa cheupe, ukang'aa, akauleta. Alipofika mbele ya Daktari Ntinyari hakuukabidhi. Alisimama na kioo kile kitupu mikononi, mwanamke wa miaka hamsini na nane aliyerudi kuwa wa kumi na tisa.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Daktari, chukua wewe. Mimi siwezi kukupa hivi."

Wanawake nje ya ua waliacha kucheka.

Daktari aliinuka. Akapokea mrija kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mtoto mchanga, na hakuchungulia ndani. "Mama Sheila," alisema, "hiki kikiwa kitupu ndipo kinapotuletea bwawa. Nakuomba utuvumilie."

Namba za Ijumaa zote mia moja ishirini na moja zilifutwa, na za makopo mengine sita pamoja nazo. Mkutano wa Dakar ulifanyika hata hivyo, kwa kuwa tiketi zilikuwa zimekatwa, na Profesa Sarr alizungumza saa nzima juu ya vijiko. Rwanjogu kilipimwa upya msimu mzima, kikawa kikavu kuliko vyote, na wanawake walipiga vigelegele kwa ukavu huo kama watu walioshinda kombe. Sasa mawe yanapangwa kwenye mto Karigi. Ukuta umefika kiunoni. Njoki hubeba mawe mawili mawili na kusema kila jiwe ni mche mmoja wa mahindi anaomdai Marcella.

Kwenye kila nguzo ya kipimamvua pametundikwa kibuyu kidogo, chini kidogo ya kopo. Kopo ni la anga. Kibuyu ni cha mwenye nyumba. Fomu mpya ya Mwenda ina safu mbili, moja imeandikwa Mvua na nyingine Heshima, zote kwa milimita, na kuna mwanafunzi mmoja wa Botswana anayeandika tasnifu juu ya hiyo ya pili.

Mwenda bado huja Ijumaa. Akisikia pikipiki, Marcella hukoroga uji, hujaza kibuyu, hukitundika. Kisha huingia jikoni na kurudisha mlango. Husimama humo gizani, ameupa mlango mgongo, akihesabu polepole hadi sauti ya kopo kufungwa, ili asiwe mtu wa kusimama hapo akitazama mgeni akiingiza jicho ndani na kukosa. Mwenda naye amejifunza. Huandika sifuri haraka, bila kuuma mdomo, hugeuka, hukitoa kibuyu msumarini na kuita, "Mama, nimekuta kitu hapa!"

Ndipo mlango hufunguka.